Alama Nyekundu kwenye Uso wa Saa

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mkono wangu umezoea kushika kikoleo kuliko kalamu, na herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, na hata huko mwalimu wa Kiswahili alikuwa akizungushia maneno yangu kalamu nyekundu hadi ukurasa ukawa kama mtoto mwenye tetekuwanga. Mkikuta nimekosea, someni kama nilivyokusudia. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenichukua Jumapili mbili.

Kazi yangu ni kutengeneza saa. Meza yangu iko Kitale mjini, kwenye veranda ya duka la mbegu, na nimeizungushia mbao pande tatu, na mbele kuna dirisha dogo la kufunga mvua ikija. Siku nyingi ni kubadilisha betri na mikanda, kwa sababu watu sasa wanaangalia saa kwenye simu. Lakini mara moja moja inakuja saa ya zamani, ile ambayo mwenyewe anaitia nguvu kwa kuzungusha kichwa chake kwa vidole, na siku hiyo nafanya kazi bila kukumbuka chai. Nafungua kifuniko cha nyuma na kutazama vigurudumu vikisukumana bila kugombana. Mimi ni mtu wa aibu. Mteja akinitazama machoni, maneno yananiishia. Lakini vigurudumu siku zote nimeelewana navyo vizuri.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu wa Kibomet, kaka ya mama, ambaye alikaa kwenye meza hii kabla yangu mpaka macho yakamchoka. Alinionyesha jinsi ya kuosha mashine kwa petroli na brashi, kuikausha, na kuitia mafuta tone dogo kama jicho la siafu. Kuhusu uso wa saa, yaani kile kibamba chenye namba ambacho mishale inapita juu yake, alinipa maneno machache: "Huo usiuguse. Ufunike, uendelee na kazi." Na kuhusu zile saa za zamani sana ambazo namba zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani, alinikataza kwa ukali. Alisema rangi ile inaweza kuwa na sumu, na ikikwanguliwa inakuwa unga, na unga huo mtu akiuvuta unamkaa kifuani. Nisiikwangue, nisiipulize, na brashi nisiitie mdomoni kunyoosha ncha yake. Hilo nililishika, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kifo. Lile lingine, la kutougusa uso, nililichukulia kama tabia ya wazee ya kukataza mambo.

Ilikuwa majira ya kupanda, na foleni ya mbegu ilitoka dukani ikafika barabarani. Mama mmoja mzee alitoka kwenye ile foleni akaja kusimama mbele ya meza yangu, ameshika kitambaa kilichofungwa fundo.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, kukhu," nikasema. Ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita bibi.

"Mbona mdogo hivi?"

Kabla sijajibu, alijibu fundi wa viatu ambaye anakaa hatua tatu kutoka kwangu. Yeye hutoka Kipsongo kila asubuhi na sanduku lake begani, na mdomo wake huanza kazi kabla ya sindano. "Ni yeye, mama. Usingoje aongee, mpe tu. Huyu hata mbwa akimbwekea anamwambia samahani."

Yule kukhu alicheka kidogo akafungua fundo. Ndani kulikuwa na saa ya mkono ya mwanamume, ya zamani, mkanda wake wa ngozi umekauka kwa jasho hadi umekuwa mgumu kama gome.

"Ni ya mume wangu," alisema. "Tulimzika mwezi juzi."

"Pole, kukhu."

"Tumeshapoa. Sasa Jumamosi wazee wanakaa kugawa vitu vyake. Koti linaenda kwa ndugu yake. Hii saa inaenda kwa mjukuu. Lakini kitu cha marehemu hakipewi mtu na jasho lake bado ndani. Nguo nimefua mwenyewe, nimeanika siku mbili. Hii nimeogopa kuitia maji. Wewe nioshee. Ioshe mpaka jasho lake lote litoke."

Niliitazama. Ilikuwa imesimama. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya manjano kama meno ya mvuta tumbaku, na pembeni kulikuwa na doa la kahawia mahali unyevu ulipopenya. Karibu na namba nne kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, imetuna kidogo. Nikafikiri labda ni rangi iliyodondoka tu. Nilitaka kumuuliza ni ya nini. Badala yake niliinama nikajifanya nakagua mkanda. Watu wa foleni walikuwa wanatutazama, na fundi wa viatu alikuwa anangoja nikwame ili apate la kusema.

Kukhu alisema anaishi Lugulu, amekuja tu kumwona binti yake aliyeolewa Kibomet, na kesho anarudi nyumbani. Binti ndiye angepita kuichukua saa Ijumaa alasiri. "Na ukiwa na neno lolote," alisema akiondoka, "ulizia Lugulu yule mama aliyekuwa dobi wa hospitali ya misheni. Watakuonyesha. Hakuna ambaye sijamfulia shuka."

Kazi niliifanya siku iliyofuata. Mkanda niliusugua kwa sabuni ya ngozi ukalegea. Kasha nililisafisha mpaka likaonyesha uso wangu. Mashine niliiosha, nikaitia mafuta, na nilipoizungusha kichwa ikaanza kutembea, sauti yake safi kama mtoto anayekula muwa. Ningeishia hapo. Lakini uso ulikuwa bado wa manjano, na maneno ya kukhu yalikuwa bado masikioni mwangu. Mpaka jasho lake lote litoke.

Nilijaribu pamba kavu. Hakuna. Nikajaribu pamba yenye unyevu kidogo. Hakuna.

"Si uweke thina?" fundi wa viatu aliniambia. Yeye huitumia kutoa gundi ya zamani kwenye soli, ile thina ya kuchanganyia rangi za magari. "Chukua hapa. Hii kitu inatoa hata dhambi."

Alinimiminia kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Mvua ya Kitale ikaja wakati huo huo, ile inayoangusha matone makubwa bila kubisha, nikafunga dirisha ili maji yasiingie kwenye vyombo. Nikabaki ndani ya mbao zangu na harufu ya thina. Macho yalitoka machozi, kichwa kikawa chepesi. Sasa najua kuwa kile kichwa chepesi ni dalili ya kwamba mtu atoke nje, avute hewa. Wakati ule nilijiona nimepata akili mpya.

Nilizungusha pamba kwenye njiti ya kiberiti, nikachovya, nikagusa uso wa saa. Ule mguso wa kwanza ulikuwa mzuri, na ndio ulioniponza. Manjano iliondoka, chini yake pakawa peupe. Nikafurahi, nikaendelea. Nikapita juu ya jina la kiwanda, na herufi zikalegea, zikasogea, zikaisha. Nilidhani naona vibaya kwa sababu ya machozi. Nikafika upande wa pili, na vile vistari vidogo vya dakika vikafutika kama nyayo kwenye vumbi. Ile nukta nyekundu iliyeyuka ikavuta mkia wa waridi kuelekea namba tano. Nilishtuka, nikaongeza thina ili nitoe ule mkia. Mkia ukatoka, na nukta nayo ikatoka.

Lile doa la kahawia, ambalo ndilo nililotaka kulitoa, lilibaki pale pale. Halikuwa uchafu. Ilikuwa kutu ya kibamba chenyewe.

Mvua ilipopungua nilifungua dirisha.

"Imetoka?" fundi wa viatu aliuliza.

"Imetoka."

"Nilikuambia, bana."

Jioni nilienda Kibomet kwa mjomba. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe kwa kupapasa, maana vidole vyake sasa vinaona kuliko macho. Nilimweleza saa ni ya nani na nani atakuja kuichukua, nikampa uso wake ndani ya karatasi. Aliuleta karibu kabisa na jicho, akatia lenzi, akakaa hivyo muda mrefu.

"Umeuchuna," alisema.

Nilichuchumaa kando yake.

"Ile manjano haikuwa jasho. Ni vanishi imezeeka, ndiyo ngozi yake. Herufi zimelala juu ya hiyo ngozi, rangi nyembamba sana. Thina haijui uchafu ni upi na herufi ni ipi. Inakula yote. Hata spiriti inaweza. Hata sabuni, hata mate ya fundi mwenye haraka." Aliugeuza tena. "Na hapa karibu na nne kuna kivuli. Kulikuwa na nini?"

"Nukta nyekundu."

"Ilimwagika ama iliwekwa?"

"Sijui, mjomba."

"Uliuliza?"

Nilitazama maharagwe. Kisha nikasema lile nililokuwa nimelibeba njia nzima kutoka mjini. "Naweza kuweka nyingine. Kivuli kinaonekana. Naweza kuweka pale pale."

"Unaweza," alisema. "Hata mimi ningeweza nikiwa na macho. Binti atakuja, atachukua, ataenda, na wewe hutalazimika kufungua mdomo. Inakufaa sana hiyo." Aliurudisha uso ndani ya karatasi, akaikunja vizuri. "Lakini ile alama ni neno la mtu, na wewe hujui linasema nini. Utaliandikaje?"

Ijumaa asubuhi niliurudisha uso mahali pake ndani ya saa, nikaenda Lugulu. Nilikuwa nimejifunza sentensi moja: Kukhu, nimeharibu uso wa saa. Nilirudia moyoni mpaka ikawa kama jina langu. Nilipouliza nyumba ya mama dobi, mwanamke aliyekuwa anauza nyanya alinionyesha kwa kidevu tu.

Nilimkuta uani, yeye na wakazamwana wake wawili, wanapepeta mtama wa busaa, pombe ya wazee wa kesho. Aliponiona aliinuka.

"Fundi? Si binti yangu ndiye alikuwa aje kwako leo?"

Sentensi ikapotea. Nilitoa saa mfukoni nikampa kwa mikono miwili.

Kwanza aliiweka sikioni. "Inatembea," aliwaambia wakazamwana, akatabasamu. Kisha akaisogeza mbali na macho, akaigeuzia mwanga. Alipitisha kidole gumba juu ya kioo, karibu na namba nne. Akapangusa. Akapangusa tena, kama mtu anayefikiri kuna ukungu.

"Alama iko wapi?"

"Nimeitoa, kukhu. Nilidhani ni uchafu. Nilitumia thina, na herufi nazo zikatoka. Ni mimi."

"Ati thina?" mkazamwana mmoja alisema. "Ile ya gari? Kwa saa ya baba?"

"Nyamaza kwanza," kukhu alimwambia. Akaketi kwenye kigoda, saa ikiwa kiganjani, na mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu hakuna aliyeniambia niketi.

Alipoanza kusema hakunitazama, na nilishukuru kwa hilo. Alisema mume wake hakuingia shule hata siku moja, na namba kwake zilikuwa kama mikwaruzo ya kuku. Kukhu mwenyewe alipoajiriwa dobi hospitalini, bado bibi harusi, zamu ilikuwa inaisha saa kumi jioni, na mume alitaka kumfuata kwa baiskeli kila siku. Saa alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya kujipamba tu. Alikuja kwa kukisia. Siku nyingine alifika adhuhuri akakaa langoni mpaka mlinzi akawa anamtania, "Mzee, bibi yako hajaibwa, yuko ndani anafua." Kwa hiyo siku moja kukhu aliipeleka saa Bungoma mjini, kwa fundi wa huko, akiwa ameomba rangi ya kucha kwa muuguzi mmoja. Yule fundi akaifungua, akaweka nukta moja kwenye namba nne. Kukhu akamwambia mumewe: mshale mfupi ukikaribia hapa, panda baiskeli.

"Hakuchelewa tena," alisema. "Hata nilipostaafu. Hata alipokuwa kitandani. Mshale ukifika hapo anauliza viatu vyake viko wapi. Ninamwambia, mzee, mimi niko hapa hapa ndani. Anasema, basi niletee viatu nije."

Mkazamwana aliyekuwa amesema ati thina aligeuza uso.

"Hiyo alama ndiyo nilitaka mjukuu aonyeshwe kesho mbele ya wazee. Ndiyo ninayompa. Saa yenyewe, hata dukani ziko."

Nilisema pole. Nililisema vibaya, kwa sauti ndogo, na nikalirudia. Kuku waliingia kwenye mtama na hakuna aliyewafukuza.

"Ni mimi niliyesema uioshe," alisema hatimaye. "Nimekuwa dobi miaka mingi. Kuna doa unalitoa na shuka inabaki. Kuna lingine, ukilitoa unatoa na shuka. Kwa hiyo tulikuwa tunauliza wauguzi kwanza: hili ni la nini? Damu, dawa, chai? Wewe hukuuliza."

"Sikuuliza, kukhu."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Alinitazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu aketi. "Haya," alisema, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. "Na mimi sikusema. Nilidhani unaona ninachoona. Vyombo vyako unavyo?"

Vilikuwa mfukoni, vimefungwa kwenye kitambaa. Tuliingia ndani, akaondoa chupa ya chai mezani, akatandika taulo safi. Akaitisha rangi ya kucha. Mkazamwana mmoja alileta ya zambarau.

"Hapana," kukhu alisema. "Baba yenu angefikiri ni zamu ya mtu mwingine." Wakacheka, na mtoto akatumwa dukani kuleta nyekundu.

Nilitoa kioo, nikaitoa mishale isije ikaguswa, nikamwonyesha kukhu kwenye lenzi kile kivuli kilichobaki. Nikachonga njiti ya kiberiti mpaka ikawa nyembamba, nikaichovya kidogo, nikainama kuweka.

"Lete," alisema.

Mkono wake ulikuwa mnene, ngozi yake imeliwa na sabuni za miaka mingi, na ulikuwa unatetemeka. Nilimshika kifundo cha mkono ili nimsaidie, mimi ambaye hata salamu ya mkono inanitoa jasho. Tulishuka pamoja polepole. Karibu kabisa na kibamba mkono wake ulivuta upande, na nukta ikaangukia mbele ya kivuli, ikapita namba nne kuelekea tano, na ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Kukhu, bado haijakauka, naweza..."

"Usifute kitu."

Nikarudisha mkono wangu. Alichukua lenzi, akaitia jichoni kama alivyoniona nikifanya, akatazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua kama analia ama anacheka. Alikuwa anacheka.

"Sasa amechelewa," alisema. "Kama dakika ishirini hivi. Haya. Leo nitamngoja mimi."

Tulingoja ikauke na mlango wazi ili harufu itoke. Nilirudisha mishale na kioo. Akanipa chai na viazi vitamu, na nilikula mezani pamoja nao, jambo ambalo kwa kawaida nalikwepa kwa visingizio.

Jumamosi sikuwepo. Wiki iliyofuata binti yake wa Kibomet alipita kwenye meza yangu akaniambia kwamba mama aliwaeleza wazee yote, ile alama ya kwanza na ya pili, na kwamba fundi wa Kitale aliifuta ya kwanza akaja mwenyewe kusema. Fundi wa viatu alisikia. "Ulienda mpaka Lugulu?" aliniuliza. "Wewe? Na ukaongea?" Nikamrudishia kifuniko chake cha chupa, hakina kitu.

Siku hizi saa ya zamani ikija, kabla sijaifungua, namuuliza mwenyewe kila kitu ninachokiona kwenye uso wake: hili doa ni la nini, huu mkwaruzo, hii alama. Bado naona haya. Nauliza nikitazama saa, si mtu, lakini nauliza. Uso wenyewe siutii thina wala petroli wala spiriti. Nikitumia petroli kwa mashine, dirisha linakaa wazi hata mvua ikinyesha.

Nina ombi moja kwenu mliofika hapa. Kama una saa ya mzee wako yenye alama ambayo watu wa nyumbani peke yao wanajua maana yake, niandikie unieleze inasema nini. Na kama wewe ni fundi, na unajua namna ya kusafisha uso wa saa bila kuuchuna, ama uliwahi kuuchuna kama mimi, niandikie pia. Usiogope mwandiko mbaya. Nitasoma polepole, na nitajibu, ingawa jibu litachukua Jumapili kadhaa.